Mbwa wa Nyumbani: Malezi, Mafunzo na Chanjo ni Wajibu wa Mwenye Mbwa

Katika kaya nyingi nchini Tanzania, mbwa ni mlinzi wa kwanza wa nyumba. Hubweka usiku mtu asiyemfahamu anapokaribia uzio, huandamana na wachungaji malishoni, hufukuza ngedere na nguruwe pori mashambani na, kwa watoto, huwa mwenzi wa michezo. Hata hivyo, mbwa huyohuyo akikosa chanjo, chakula na mafunzo anaweza kuingiza katika familia ugonjwa usio na tiba pindi dalili zake zinapojitokeza kwa binadamu. Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa.

Kinachomtenganisha mbwa mlinzi na mbwa hatari si rangi yake wala ukubwa wake. Kwa sehemu kubwa ni matendo ya mwenye mbwa: siku aliyomleta nyumbani, namna alivyomlea katika miezi yake ya kwanza, na kama alimpeleka kuchanjwa kwa wakati. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo kila mwananchi anayefuga mbwa, au anayekusudia kufuga, anapaswa kuyafahamu.

Kwa nini ufugaji wa mbwa ni suala la jamii nzima

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na takribani asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa umri wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo hivyo kuwa takribani 1,500 kwa mwaka. Waliozingatiwa zaidi katika makadirio hayo ni watu wa vijijini, ambako wagonjwa wengi hufia nyumbani bila kuandikwa katika kumbukumbu za hospitali.

Ugonjwa huu unaweza kuzuilika, na kinga yake inaanzia kwa mbwa. Wataalamu wanashauri kuwa angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo husika wachanjwe. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja hadi wawili. Hivyo, mbwa wengi wanapokuwa na kinga, virusi hukosa njia ya kupita na ugonjwa hukatika wenyewe. Kiwango cha asilimia 70 huacha pia nafasi ya tahadhari, kwa kuwa ndani ya mwaka mmoja baadhi ya mbwa waliochanjwa hufa na watoto wengi wasiochanjwa huzaliwa.

Kisiwa cha Pemba kinatoa mfano wa wazi. Baada ya kampeni za uchanjaji wa mbwa zilizoanza mwaka 2010, maambukizi kisiwani humo yalikoma mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena, na uchanjaji uliporejewa kwa nguvu, maambukizi yalikatika kwa mara nyingine mwaka 2018. Mfano huo unaonesha kuwa kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa katika mazingira ya Tanzania, lakini pia kwamba ugonjwa hurudi pale jamii inapolegeza uchanjaji.

Wanyamapori nao huathirika. Kufikia mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti katika mbuga za Serengeti yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoyakumba. Mwaka 1994 takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kwa hiyo, sindano anayochomwa mbwa wa mfugaji mmoja kijijini humlinda mwanafamilia, jirani, na hata rasilimali ya taifa iliyo umbali wa kilomita nyingi.

Kabla ya kumleta mbwa nyumbani

Mbwa anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 10 hadi 13, na wengine huzidi hapo. Kumchukua ni ahadi ya muda mrefu. Kabla ya uamuzi huo, familia inashauriwa kukubaliana juu ya mambo manne: nani atamlisha kila siku, nani atampeleka kwa mtaalamu wa mifugo, atalala wapi, na nani atabaki naye familia inaposafiri. Mbwa wengi wanaozurura mitaani walikuwa na wenyewe. Waliachwa pale mwenye nyumba alipohama au pale ilipoonekana kuwa gharama zimezidi.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Katika wiki hizo, maziwa ya mama humpa kinga ya awali, nao ndugu zake humfundisha kwa michezo kutouma kwa nguvu. Mtoto anayeondolewa mapema mno huwa dhaifu na mara nyingi hukua akiwa mwoga au mwenye kuuma ovyo.

Mwenye afya njema hutambulika kwa macho angavu yasiyo na tongotongo nyingi, pua isiyotoa kamasi nzito, manyoya yasiyo na mabaka ya upele, sehemu ya haja kubwa iliyo safi, na uchangamfu. Tumbo lililotuna ilhali mbavu zinaonekana ni dalili ya kawaida ya minyoo. Anayechukua mtoto wa mbwa kutoka kwa mtu mwingine aulize pia kama mama yake amechanjwa na aombe kadi ya chanjo iwapo ipo.

Makazi na chakula

Desturi za familia hutofautiana. Katika kaya nyingi, na hasa za mwambao na Zanzibar, mbwa hukaa nje ya nyumba. Hilo halimdhuru mradi apate banda lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, lisilovuja, lenye kivuli mchana na lisilopitisha upepo mkali usiku. Banda la mabati matupu huwa kama tanuri wakati wa jua. Liwekwe chini ya mti au liezekwe kwa makuti au nyasi juu ya bati. Lisafishwe mara kwa mara, kwa kuwa mayai ya viroboto huanguka na kuanguliwa katika vumbi na nyufa za sakafu.

Maji safi yawepo wakati wote. Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hupunguza joto kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi. Katika mikoa yenye joto, chombo kimoja cha maji asubuhi hakitoshi.

Kuhusu chakula, mtoto wa mbwa alishwe mara tatu hadi nne kwa siku hadi afikishe miezi sita hivi, na mbwa mkubwa mara mbili. Chakula cha kawaida cha mbwa nchini ni ugali au makombo ya mezani. Ugali pekee hushibisha lakini haujengi mwili. Uchanganywe na dagaa waliopikwa, mabaki ya nyama au samaki wasio na miiba, mayai yaliyochemshwa, na mboga kidogo kama vile karoti au boga. Mfugaji anayeweza kununua chakula cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani afuate kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko kulingana na uzito wa mnyama.

Vipo vyakula vya kuepuka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika katika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu zinaweza kuharibu figo, nayo chokoleti huathiri moyo na mfumo wa fahamu. Pombe ni sumu kwake hata kwa kiasi kidogo.

Tahadhari ya pekee inahitajika machinjioni na katika sherehe za kuchinja. Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye uvimbe uliojaa maji yasitupiwe mbwa. Uvimbe huo hubeba vimelea vya minyoo tegu midogo ambayo hukua ndani ya utumbo wa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuweza kumwambukiza binadamu, hasa mtoto anayecheza na mbwa bila kunawa mikono. Kwa binadamu, vimelea hivyo hujenga uvimbe katika ini au mapafu, na mara nyingi mgonjwa huhitaji upasuaji. Viungo vyenye uvimbe wa aina hiyo vichomwe moto au vifukiwe katika shimo refu.

Chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto wa mbwa anapofikisha umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza. Katika kampeni za uchanjaji za halmashauri, mtaalamu huweza kuwachanja hata wadogo zaidi ili kutowaacha bila kinga; hao warudishwe kwa dozi nyingine wanapofikisha umri stahiki.

Mbali na kichaa, ipo chanjo ya mchanganyiko inayokinga magonjwa mengine yanayoua watoto wa mbwa kwa wingi, yakiwemo distempa na parvo. Distempa huanza kwa homa, macho na pua kutoa uchafu, na baadaye degedege. Parvo husababisha kutapika na kuhara damu, na huweza kuua ndani ya siku chache. Chanjo hiyo huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Baadhi ya michanganyiko hukinga pia dhidi ya leptospira, bakteria wanaosababisha homa ya mgunda, ugonjwa uliotambuliwa mkoani Lindi mwaka 2022.

Dawa ya minyoo hutolewa tangu mtoto akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi anapoachishwa kunyonya. Baadaye hupewa kila mwezi hadi miezi sita, na mbwa mkubwa kila baada ya miezi mitatu. Kipimo hutegemea uzito wa mbwa. Dawa ya binadamu au ya ng'ombe isikadiriwe kwa macho.

Kupe na viroboto si kero ya ngozi tu. Kupe huambukiza magonjwa ya damu ambayo dalili zake ni homa, kukosa hamu ya kula, fizi kupauka na, mara nyingine, kutokwa damu puani. Mfugaji amkague mbwa wake kila wiki, hasa ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya shingo. Dawa ya kuogeshea ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa dawa kali zinazotumika katika majosho ya ng'ombe zinaweza kumuua mbwa. Kadi ya chanjo na dawa itunzwe mahali salama pamoja na nyaraka nyingine za nyumba.

Mafunzo: samaki mkunje angali mbichi

Methali hiyo inafaa mno katika malezi ya mbwa. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake, akili ya mtoto wa mbwa hupokea kwa urahisi mambo mapya. Anachokutana nacho kwa utulivu katika kipindi hicho hukihesabu kuwa cha kawaida: watoto, wazee wenye mikongojo, kuku, mbuzi, pikipiki, mvua juu ya bati, sauti ya adhana au kengele ya kanisa. Mbwa aliyefungiwa nyuma ya nyumba katika wiki hizo, bila kuona watu, mara nyingi hukua akiwa mwoga. Mbwa mwoga ni miongoni mwa wanaouma zaidi. Kwa kuwa chanjo zake huwa bado hazijakamilika, mtoto abebwe mikononi anapotolewa nje, na asigusane na mbwa wasiofahamika.

Msingi wa mafunzo ni mmoja: mbwa hurudia tendo linalomletea faida. Tanzania ina ushahidi wa karibu wa kanuni hii. Mjini Morogoro, shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya hafundishwi kwa kipigo. Anapopatia husikia mlio mfupi wa kifaa kidogo na mara moja hupewa kitu cha kula, kama vile ndizi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutambua mabomu nchini Kambodia. Njia iliyomfikisha panya hapo inafaa pia kwa mbwa wa nyumbani.

Mafunzo huanza kwa jina. Mbwa apewe jina fupi, na kila analiposikia na kugeuka, apewe kipande kidogo cha chakula, kama vile dagaa mmoja au kipande cha nyama, pamoja na neno la sifa. Kisha hufuata amri chache: "njoo", "kaa", "acha" na "rudi". Familia nzima itumie maneno yaleyale. Baba akisema "kaa" na mtoto akasema "keti chini", mbwa huchanganyikiwa. Kila somo lidumu dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula, mbwa akiwa na hamu.

Ili kumfundisha kukaa, mwalimu hushika dagaa karibu na pua ya mbwa, kisha huinua mkono taratibu kuelekea nyuma ya kichwa chake. Mbwa anapofuatisha kwa macho, matako yake hushuka yenyewe. Yanapogusa chini, mwalimu hutamka "kaa" na kumpa dagaa papo hapo. Zawadi ikichelewa hata kwa sekunde chache, mbwa huihusisha na tendo jingine alilolifanya baadaye. Baada ya siku kadhaa amri hutamkwa kabla ya ishara ya mkono, na zawadi hupunguzwa kidogokidogo hadi sifa pekee itoshe.

Amri ya "njoo" ndiyo inayookoa maisha, kwa kuwa humrudisha mbwa kutoka barabarani au kwa mtu aliyetishika. Mbwa anayeitikia mwito asiadhibiwe kamwe, hata kama alikuwa amefanya kosa. Akipigwa baada ya kuja, anachojifunza ni kwamba kuja huleta maumivu, na siku nyingine atakimbia.

Haja hufundishwa kwa ratiba. Mtoto wa mbwa apelekwe mahali palepale anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza, na asifiwe anapomaliza. Kumsugua pua katika uchafu wake hakumfundishi lolote zaidi ya kumwogopa mtu.

Kuhusu ulinzi, zipo imani zinazopaswa kuachwa. Wapo wanaomlisha mbwa pilipili ili awe mkali, na wapo wanaomfunga mnyororo mfupi mchana kutwa kwa lengo hilohilo. Pilipili huunguza tumbo lake na haimfundishi kutofautisha mwizi na mgeni. Mnyororo wa kudumu humjengea hofu na hasira. Mbwa wa aina hiyo anapochoropoka huweza kumshambulia yeyote aliye karibu, akiwemo mtoto wa nyumbani. Mlinzi mzuri ni mbwa anayebweka kuonya, anayewafahamu watu wa kaya yake na anayenyamaza anapoamriwa. Pale inapolazimu kumfunga, kamba iwe ndefu, afikie kivuli na maji, na afunguliwe kila siku ndani ya uzio au atembezwe kwa kamba.

Watoto na mbwa

Watoto huumwa zaidi usoni na kichwani kwa sababu ya kimo chao, na majeraha ya sehemu hizo ni hatari zaidi iwapo mbwa ana kichaa, kwa kuwa virusi husafiri kupitia neva kuelekea ubongo na umbali unakuwa mfupi. Wazazi na walimu wawafundishe watoto kutomsumbua mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Kutomvuta mkia wala masikio. Na kutomgusa mbwa wa mtu bila ruhusa. Mtoto akikabiliwa na mbwa asiyemfahamu asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima, mikono ikiwa imetulia mwilini, asimkazie macho, na arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje na afunike uso na shingo kwa mikono. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole kiasi gani.

Jambo jingine la kuwasisitizia watoto ni kusema. Wengi huficha jeraha dogo kwa kuogopa kukaripiwa, na kimya hicho huweza kuwagharimu maisha. Mzazi awahakikishie kuwa kusema hakuleti adhabu.

Kudhibiti uzazi

Mbwa jike huanza kupata joto akiwa na umri wa miezi sita hadi kumi na miwili, na hubeba mimba kwa takribani siku 63. Anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto kadhaa kila mara. Mfugaji asiye na mpango wa kuwatunza hujikuta akiwagawa ovyo au kuwatupa jalalani, na hao ndio huongeza idadi ya mbwa wanaozurura bila chanjo. Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike ni upasuaji unaofanywa na daktari wa mifugo kwa kutumia dawa ya usingizi na ya kuzuia maumivu. Hupunguza pia tabia ya madume kutoroka na kupigana.

Mbwa anapouma au anaposhukiwa kuwa na kichaa

Dalili kuu ni mabadiliko ya ghafla ya tabia: mbwa mpole kuwa mkali, au mbwa mkali kuwa mnyonge na kujificha gizani. Nyingine ni kutokwa mate mengi, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kuuma vitu visivyo na uhai kama vile mawe na vijiti, kutangatanga na hatimaye kupooza. Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali; wapo wanaoonekana tu kama waliokabwa na mfupa. Mtu asiingize mkono katika kinywa cha mbwa wa aina hiyo.

Mtu aliyeumwa, aliyeparuzwa au aliyelambwa na mbwa kwenye kidonda achukue hatua zifuatazo bila kuchelewa:

- Aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Hatua hii huondoa na kuua sehemu kubwa ya virusi.
- Asipake tumbaku, unga wa betri, majivu, mafuta wala majani ya aina yoyote.
- Aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, na aeleze kuwa limetokana na mbwa. Majeraha mengine huhitaji pia sindano ya kingamwili kuzunguka jeraha.
- Akamilishe dozi zote za chanjo kwa tarehe atakazoandikiwa. Kupona kwa jeraha si kigezo cha kuacha.
- Atoe taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kata au kwa Mtendaji wa kijiji au mtaa.

Muda kati ya kuumwa na dalili kujitokeza kwa kawaida ni miezi miwili hadi mitatu, ingawa unaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha. Dalili zikianza, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu wagonjwa wote hufa.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa haraka iwapo anaweza kufungiwa kwa usalama. Awekwe chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima katika siku hizo, hakuwa akitoa virusi katika mate alipouma. Akifa au akilazimika kuuawa, kichwa chake kisiharibiwe, kwa kuwa uchunguzi wa maabara hufanywa kwa sampuli ya ubongo. Mzoga usichunwe wala kuliwa, na usishikwe kwa mikono mitupu. Hata hivyo, aliyeumwa asisubiri matokeo ya uangalizi au maabara ndipo aende hospitali.

Wajibu kwa mujibu wa sheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama na kumtaka anayemiliki mnyama amtunze ipasavyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 ndiyo msingi wa hatua za kudhibiti magonjwa, kichaa cha mbwa kikiwemo. Aidha, mamlaka za serikali za mitaa zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kuhusu ufugaji wa mbwa katika maeneo yao. Mfugaji anashauriwa kuuliza katika ofisi ya kata au halmashauri yake ni masharti gani yanatumika hapo alipo.

Jumuiya ya kimataifa imejiwekea lengo la kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Kila tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki mwaka 1895 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur. Yeye na wenzake ndio waliotengeneza chanjo iliyotumika kwa mtoto aliyeumwa na mbwa mwezi Julai 1885. Katika siku hiyo na katika kampeni nyingine, wataalamu wa mifugo hufika hadi vijijini kuchanja mbwa na paka.

Tangu wakati huo chanjo ipo, na dakika 15 za maji na sabuni zinawezekana katika kila kaya. Kinachobaki ni mwenye mbwa kumfunga mbwa wake kamba, kumwongoza hadi kituo cha chanjo na kurudi nyumbani na kadi mkononi. Wananchi wanahimizwa kufuatilia matangazo ya halmashauri zao kuhusu tarehe na vituo vya uchanjaji, na kuwasiliana na Afisa Mifugo wa kata kwa ushauri zaidi.